Mliotuuzia magari ya umeme Kampala, mbona habari ya maji mlituficha?

Nimengoja wiki mbili hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Gari langu ni Nissan Leaf la mtumba kutoka Japani, la mwaka 2013, betri ya kilowati-saa 24. Nililinunua kwenye bondi moja (yadi ya magari ya mtumba) hapa mjini, jina silitaji. Siku ya kulichukua niliuliza swali moja: mvua za Kampala nazijua, nikikuta barabara imejaa maji nifanyeje? Muuzaji hakufikiri hata kidogo. "Mzee, hili halina ekzosi. Halivuti hewa. La petroli ndilo linalofia majini, hili pita tu."

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana ni ya hatari. Injini ya petroli ikivuta maji badala ya hewa, pistoni hugonga kitu kisichokubali kubanwa, vyuma vinapinda na injini imekwisha. Mota ya umeme haina balaa hilo. Na betri kubwa imelala chini ya sakafu ndani ya sanduku lililozibwa. Yote kweli. Lakini kuna nyaya, kuna soketi, kuna betri ndogo ya volti 12 chini ya boneti ambayo ndiyo huamsha kila kitu, kuna bearingi, na kuna uzito wa gari lenyewe ambao maji hayauogopi. Hayo hakuyasema.

Ilikuwa jioni, Barabara ya Jinja, pale Kyambogo mkondo wa Kinawataka unapokatiza. Mvua ilikuwa imepiga zaidi ya saa moja. Foleni imeganda, nyuma nina wanangu wawili nimewatoa shule. Teksi iliyokuwa mbele yangu iliingia majini ikatoka upande wa pili. Nikasema kama teksi imepita na ina ekzosi, mimi nitashindwaje? Nikaingia polepole, na kwa mita kadhaa gari lilikwenda vizuri kabisa.

Kisha likaja lori la mchanga kutoka mbele, kasi ile ile ya barabara kavu. Wimbi lilipanda hadi kwenye kioo. Nikahisi mkia wa gari unayumba, matairi ya nyuma hayashiki tena lami. Taa ya manjano ikawaka, ikafuata nyekundu, ikafuata mistari ya maandishi ya Kijapani. Ile taa ya kijani inayosema gari liko tayari ikazimika. Nikabonyeza P, gia ya kuegesha, kwa mazoea ya dereva anayesimama, na hilo nalo likawa kosa, nitaeleza.

Maandishi yale sijui yalisema nini. Labda yaliniambia la kufanya. Kitabu cha gari ninacho, kinene, kizuri, kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi jalada. Nimelipia gari ambalo lilijaribu kunionya kwa lugha ambayo hakuna mtu wa bondi aliyejisumbua kunitafsiria hata ukurasa mmoja.

Sasa sikilizeni kilichonichoma kuliko yote. Niliwaomba vijana wa bodaboda waliokuwa kando wanisaidie kusukuma. Wote walirudi nyuma. "Ssebo, hilo ni la umeme! Mtakufa!" Mama mmoja akawapigia kelele wanangu wasiteremshe miguu, maji yana umeme. Binti yangu ana miaka 7. Alikunja miguu juu ya kiti akitetemeka, anaamini akigusa maji anakufa, na maji yameshaanza kuingia kwenye sakafu. Siwalaumu wale vijana. Hakuna aliyewafundisha, kama ambavyo hakuna aliyenifundisha mimi.

Ukweli ni huu, na nimeujua baada ya kuumia. Umeme mkubwa wa Leaf, karibu volti 360, haukushikizwa kwenye bodi ya gari. Nyaya zake zote mbili, zile nene za rangi ya chungwa, zimetengwa na bodi. Kompyuta huchunguza kama kuna uvujaji ikuonye, na gari likizimwa swichi kubwa zilizo ndani ya sanduku la betri hufunguka, umeme ubaki humo humo. Gari lisilovunjika, likisimama kwenye maji, haliyageuzi maji yale kuwa waya. Kilichokuwa tayari kutuua pale ni maji yenyewe. Sentimita 15 hufika chini ya sakafu ya magari mengi madogo, 30 zinaweza kuliinua gari, 60 hubeba hata pikapu. Na mita chache kutoka tulipokwama kuna mtaro wazi ambao jioni ile haukuonekana, maji yamesawazisha kila kitu. Tarehe 26 Machi 2025 mafuriko yaliua watu katika jiji hili, watoto wakiwemo. Wanangu walikaa ndani ya gari dakika ambazo hawakupaswa kukaa, kwa sababu ya hofu ya kitu ambacho hakikuwepo. Nilivua viatu, nikawabeba mmoja mmoja.

Muuzaji anasema maji hayafanyi lolote. Barabarani wanasema maji yanakurusha umeme papo hapo. Na mwenye gari amesimama katikati ya uongo wa aina mbili, mvua inanyesha.

Kuhusu P: kwenye Leaf hufungwa na kufunguliwa kwa umeme wa betri ndogo. Betri ndogo ikifa, gari limejifunga, na hata wangepatikana watu kumi wa kusukuma lisingesogea. Kama ningeacha N, gia huru, tungelitoa majini jioni ile ile. Jambo la sentensi moja! Lingechukua nusu dakika kuniambia siku nakabidhiwa funguo.

Brekdauni ilifika usiku, na kijana akaanza kufunga mnyororo mbele alivute likiburuzika. Binamu yangu wa Nairobi, mwenye Leaf pia, ndiye aliyenipigia simu akipiga kelele: magurudumu ya mbele yasizunguke chini, yainuliwe! Mota ikizungushwa kwa kuvutwa huzalisha umeme, unaweza kuunguza vitu. Tulibishana na yule kijana nusu saa nzima, tena kwenye mvua.

Gereji ndiyo ilinimaliza nguvu. Kwanza walitaka kulipiga maji ya presha chini ya boneti "kuondoa tope". Kisha makanika akaleta waya wa chaji: "Tulichomeke tuone kama linashika." Gari limetoka kunywa maji ya mtaro, unalichomeka! Nikamshika mkono. Gari lililozama halichajiwi mpaka mtu mwenye vifaa amepima kama umeme mkubwa hauvuji. Na anayefungua sehemu zile lazima kwanza achomoe plagi ya usalama, asubiri kama dakika 10 umeme uliobaki uishe, avae glavu za kazi hiyo. Yeye alikuwa na ndala na bisibisi.

Usiku ule walitaka kuliegesha chini ya baraza la mbao, ukuta mmoja na chumba wanacholala vijana wa gereji. Nilikataa. Florida, baada ya kimbunga Ian mwaka 2022, kuna magari ya umeme yaliyolowa maji ya bahari yakawaka moto siku kadhaa baadaye. Yetu ni maji baridi, chumvi yake si ya bahari, lakini maji ya mitaro ya Kampala yana kinyesi, oili na matope, na mimi sitaki kubahatisha maisha ya vijana wa watu. Ushauri unaotolewa ni kuliweka nje, mita 15 mbali na nyumba na magari mengine.

Mwingine akaniambia betri hizi zina alama ya IP67, eti haziingii maji. IP67 ni kipimo cha maabara: mita 1 ya maji yaliyotulia, dakika 30, kifaa kikiwa kipya. Gari langu lina zaidi ya miaka 10. Tangu 2018 sheria yetu inakataa kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi, lakini ya chini ya hapo huingia, kwa hiyo mengi ya mtumba yanayoletwa yana raba zilizochoka na matumbo yaliyogongwa gongwa na mashimo. Wimbi la lori si maji yaliyotulia.

Bima wameniambia mafuriko hayamo. Sikusoma, hilo kosa langu.

Jiji nalo nitalisemea kidogo tu maana mengi yameshasemwa: Bwaise, Kalerwe, Clock Tower, Kyambogo, sehemu ni zile zile kila Aprili na kila Novemba. Hata nguzo yenye mistari ya sentimita, mtu aone kina kabla hajaingia, imeshindikana?

Jumamosi nilirudi bondi. Nilitaka kitu kimoja: karatasi moja kwa Kiswahili na Kiganda, wampe kila mnunuzi. Iseme usiingie maji usiyoyaona chini wala yanayofika katikati ya gurudumu. Iseme subiri lori lipite kwanza, nenda mwendo wa mtu anayetembea, likizima weka N utoke na watu wako. Iseme pia ukishatoka kanyaga breki taratibu mara kadhaa, kwa sababu gari hili hupunguza mwendo kwa mota na breki zenyewe hukaa zimelowa bila wewe kujua mpaka siku unazihitaji. Yule muuzaji alinisikiliza hadi mwisho, akasema karatasi kama hiyo itawatisha wateja.

Naomba msaada wenu. Gari liko kwenye uwanja wazi Ntinda, halijachajiwa, halijafunguliwa. Nchi hii inaunda mabasi ya umeme Jinja, kwa hiyo ujuzi upo. Namtafuta fundi wa Kampala au Jinja aliyewahi kufungua betri ya Leaf iliyopita majini, mwenye glavu na kipimo chake, si bisibisi. Nataka pia kusikia kwa wenye Leaf waliopita maji wakatoka salama: soketi za chini mlizikagua baada ya muda gani, na mlikuta kutu? Na kama yupo anayesoma Kijapani, nitabandika picha ya ile dashibodi. Binti yangu aliipiga kwa simu yangu kabla sijamtoa.