Diski inagonga, harusi tatu za watu zimo ndani

Bi_Kamera: Assalaam alaykum jamani. Diski yangu ya nje, TB 4, laki nne na nusu, hata mwaka haijatimiza. Tangu jana nikiichomeka inagonga tik, tik, tik, kisha kimya. Kompyuta haiioni. Mna harusi tatu, na bi harusi mmoja keshanilipa yote. Usingizi sina.

Fundi_Mlandege: Waalaykum salaam. Ichomoe, usiiwashe tena. Mlio huo ni kichwa cha kusomea. Kila ukiiwasha huenda kinakwaruza sahani ya ndani, ile inayohifadhi video zako. Ilianguka? Na kadi za kamera unazo?

Yakhe_Mzee: Disemba 2009 umeme ulipokatika Unguja, miezi mitatu kiza, nikachomeka kompyuta kwenye jenereta ya jirani. Yeye akiadhiniwa tu anaizima, anakwenda kuswali, hanambii. Siku ya nne diski kimya. Picha zote za skuli nilizopiga, basi. Jirani mpaka leo hatujasemezana vizuri.

Bi_Kamera: Pole mzee. Yangu haijaanguka. Iliniponyoka tu, na chini palikuwa na mkeka.

Chaupele: Itie kwenye mchele. Ikishindikana, pika pilau.

Fundi_Mlandege: Haijaanguka, imeponyoka. Haya. Jengine?

Bi_Kamera: Kaka yangu aliifungua kidogo. Lakini feni tuliizima kwanza, na tulitandika kanga safi. Msinilaumu, hizo ni sherehe za wanawake, watu wamevua mabuibui. Nimpe fundi mwanamme atazame?

Mama_Wawili: Miye harusi yangu ilipigwa picha kumi na mbili, zimo kwenye kopo la biskuti. Nani alikwambieni mrikodi mpaka singo?

Fundi_Mlandege: Feni si hoja. Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi, na sahani inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Sasa hiyo inataka chumba kisicho na vumbi, miye sinacho. Nauliza tena kadi. Hata kama umezifomati, maadamu hujarikodi juu yake, programu ya kurudisha picha, PhotoRec, ni ya bure na huenda ikazitoa.

Kijana_wa_Ngambo: Ngojeni. Kadi kaulizwa mara mbili, kimya. Mpiga video gani huyo? Diski ya mumewe hii, anataka kujua mna nini.

Chaupele: Uwiii.

Bi_Kamera: Mume wangu haingii hapa, kasafiri, harudi mpaka Ijumaa. Fundi mwanamke Unguja yupo au hayupo?

Yakhe_Mzee: Ijumaa kwa boti ya saa ngapi?