Eti "Oktoba ni mwezi wa ngapi?" Leo mwalimu wa historia kanivua nguo mbele ya darasa

Wakuu salaam. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mniache, leo nimeshakosolewa vya kutosha.

Mnamjua. Yule yule. Anaingia bila daftari, anafundisha kutoka kichwani, na kichwa chenyewe kilifungwa enzi za Vita Baridi.

Karudisha insha za Mapinduzi ya Urusi. Nimeandika Wabolsheviki, chama cha Lenin, walitwaa madaraka Petrograd, mji mkuu wa Urusi wa wakati huo, tarehe 7 Novemba 1917. Peni nyekundu imepita juu ya Novemba mpaka karatasi ikatoboka. Ingeishia hapo ningenyamaza. Kanisimamisha.

"Yanaitwaje hayo mapinduzi?" Ya Oktoba, mwalimu. "Oktoba ni mwezi wa ngapi?" Wa kumi. "Na Novemba? Hesabu tukusikie."

WAKUU NIMEHESABISHWA MIEZI. Kwa vidole. Kuanzia Januari. Mwaka wa mwisho sekondari, ndevu zimeshaota, nahesabu miezi kama mtoto wa chekechea na darasa zima linaitikia "Machi! Aprili!"

Najieleza kwamba Urusi ilikuwa bado na kalenda ya Juliani, nyuma kwa siku 13, kwao ni 25 Oktoba, wengine 7 Novemba, wakaja kubadili 1918. Kanijibu: "Kaa chini profesa, tarehe haihami." Haihami! Mbona Mapinduzi ya Februari, yaliyomng'oa Tsar Nicholas II, nimeyaandika Machi na kayawekea vema? Hata hakusoma!

Jirani yangu kamweka Lenin vitani Waterloo, vita vya Napoleon vya 1815, kanizidi maksi. Ila sawa, maksi achukue. Vidole, wakuu. Vidole!

Kipanga_Usiku: Swali halijajibiwa mkuu. Oktoba ni mwezi wa ngapi?

Mama_Ratiba: 😂😂 Mimi nimeishia kwenye "Machi! Aprili!" Darasa hilo lina umoja kuliko Wabolsheviki wenyewe.

Msafi_wa_Ubao: Pole dogo. Siku nyingine andika tarehe zote mbili, ya zamani kwenye mabano. Msahihishaji hana pa kukushikia.

Mleta mada: Ningemwambia saa ngapi? Nilikuwa nimefika Julai.

Shahada_Mtaani: Afadhali wewe. Wetu tulimpa sababu za Vita Kuu ya Kwanza: miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ugomvi wa Balkani. Kakata zote. Anataka mauaji ya mrithi wa kiti cha Austria pale Sarajevo, 28 Juni 1914, basi.

Kipanga_Usiku: Si ndiyo cheche hiyo?

Shahada_Mtaani: Austria katangaza vita 28 Julai. Cheche gani inachukua mwezi mzima kuwaka?

Dawati_la_Nyuma: Mnalia na Ulaya! Wetu kachora Afrika ubaoni, kaigawa kwa rula, eti mipaka yote ilimalizwa kwenye Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885. Nikauliza mbona Waingereza na Wajerumani wanapeana Zanzibar na kile kisiwa cha Heligoland cha Ulaya mwaka 1890? Nikatolewa nje. Rula ikabaki ndani.

Namba_Tupu: Watu wa tarehe mnadeka sana. Njooni fizikia muone.

Shahada_Mtaani: Fizikia ukikosa jibu unapewa maksi za njia. Huku njia yenyewe ndiyo inapigwa mkasi.

Namba_Tupu: Maksi za njia ulipewa na nani? Wetu anataka mpaka mshale wa mchoro uelekee anakotaka yeye.

Mleta mada: Jamani mada. Vidole. Mbele ya watu.

Msafi_wa_Ubao: Namba_Tupu, mshale wa nguvu au wa mkondo? Maana wa mkondo hata mimi ulinitesa.

Mama_Ratiba: Samahani kuwakatiza, nani ana desa la mgogoro wa makombora ya Cuba 1962? Langu limechanika Khrushchev wa Usovieti anaandika barua kwa Kennedy wa Marekani, sijui kama meli za Usovieti zilirudi.

Dawati_la_Nyuma: Zilirudi. Desa ninalo, ila ni mwandiko wa kaka aliyemaliza zamani, nusu yake kachora magari.

Mama_Ratiba: Tuma hivyo hivyo.