Kuunda Land Rover Series II ya 1/12 kwa mkono: shiti za plastiki, shaba ya manjano au printa?

Bawaba
Wakuu, salaam. Modeli za kununua kwenye boksi nimeshaunganisha za kutosha. Sasa nataka gari ambalo kila kipande nimekitengeneza mwenyewe. Nimechagua Land Rover Series II, ile fupi ya inchi 88, kwa skeli ya 1/12. Michoro ninayo na hesabu nimeshapiga: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma gari halisi lina milimita 2235, kwangu inakuwa 186. Urefu wote unagota kama sentimita 30. Milango, bonneti na geti la nyuma lazima vifunguke.

Ninapokwama ni malighafi. Naona njia tatu: shiti za polistairini, shaba ya manjano ya kulehemu, au kuchora kwenye kompyuta na kuprinti kwa printa ya 3D ya resini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga). Kama ingekuwa ni wewe, ungeshika ipi? Nina visu, tupa ndogo ndogo, drili ya mkono na kichomeo cha umeme cha lehemu. Mashine ya kukereza sina.

MtuWaMsasa
Plastiki. Gari ulilochagua karibu lote ni nyuso bapa na mikunjo iliyonyooka, na hapo ndipo shiti inapotamba. Unakwaruza mstari kwa kisu, unakunja, inakatika yenyewe. Gundi ya majimaji inayeyusha kingo zote mbili hadi zinakuwa kitu kimoja. Ukikata vibaya unabandika kipande, unaweka puti, unapiga msasa, hakuna atakayejua. Shaba haina huruma hiyo.

Angalizo: ukibandika shiti juu ya shiti ili upate unene, kiyeyushi kinanaswa katikati, na kipande kinaweza kubaki laini au kubonyea siku nyingi baadaye. Toboa vitundu upande usioonekana na ukiache kikauke kweli kabla ya kukigusa na tupa. Na usipulize rangi yenye thina kali moja kwa moja juu ya polistairini, itapasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Praima kwanza.

Kerezo_Mzee
Vijana, bodi ya plastiki sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na chasisi ya plastiki. Land Rover inakaa juu ya fremu ya ngazi, vyuma viwili virefu vya boksi na viungo vya kukatiza, na chini yake springi za majani. Fremu nyembamba ya polistairini yenye mzigo wa bodi na injini itapinda polepole bila kukuaga. Unakuja kugundua gurudumu moja haligusi meza.

Fremu ya shaba ya manjano haina habari hizo. Mirija ya mraba inauzwa tayari, unakata, unanyoosha ncha kwa tupa, unafunga kila kitu juu ya ubao wenye pini ili pembe zisicheze, ndipo unalehemu. Wengi wanaogopa kwamba kiungo cha pili kikipata moto cha kwanza kinaachia. Dawa yake ni kupanga moto kwa ngazi. Viungo vya mwanzo vipige lehemu ya fedha, inayotaka zaidi ya nyuzi 600, kwa hiyo utahitaji tochi ya gesi. Vinavyofuata vipige lehemu ya kawaida ya bati na risasi, inayoanza kuyeyuka kwenye 183. Vidude vya mwisho unaweza kuvishika kwa ile inayoyeyuka kwenye 70. Kiungo cha jirani ukifunike kwa karatasi iliyoloa. Ukimaliza osha flaksi yote (dawa inayosaidia lehemu kushika), maana yenye asidi ikibaki inakula shaba hata chini ya rangi.

Springi za majani tengeneza kwa vipande vyembamba vya chuma, lakini usitarajie zicheze. Gari la uzito huo halina nguvu ya kuzibonyeza. Zipe umbo sahihi, inatosha.

Resini_Usiku
Mnazungumza kana kwamba printa haijavumbuliwa 😄 Tabaka la resini ni milimita 0.05. Kasha la difu, kichwa cha injini, rimu zenye matundu yake, unachora mara moja na unatoa nne zinazofanana. Nani atakaa kukata rimu nne kwa mkono zote ziwe sawa?

MtuWaMsasa
@Resini_Usiku mtoa mada amesema kila kipande akitengeneze mwenyewe.

Resini_Usiku
Na kuchora ni nini kama si kutengeneza? Rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Kwa 1/12 inakuwa 34 kasoro kidogo. Mimi ndiye niliyepima, niliyechora mviringo wake na niliyeamua unene wa ukingo. Faili la kupakua la mtu mwingine, hapo nitakubaliana nawe.

Ila nisimdanganye mwenzetu: bodi ya gari hili asiprinti. Paneli kubwa, bapa na nyembamba ndicho kitu ambacho resini inakishindwa. Inajikunja wakati wa kuiva, na ikikaa juani inaendelea kuwa ngumu hadi inakatika. Ingekuwa gari la mviringo kama Volkswagen Beetle ningebishana. Na vaa glavu, resini mbichi inawasha ngozi.

BatiJembamba
Hakuna aliyegusa unene, na kwa mtu anayetaka milango ifunguke hilo ndilo swali lenyewe. Bati la milimita 1 kwenye gari halisi, ukiligawanya kwa 12, linabaki milimita 0.08. Shiti ya plastiki ya 0.5 ni sawa na bati la milimita 6. Mlango ukifungwa huoni. Ukifunguka unaona mlango wa sefu ya benki.

Njia mbili. Ya kwanza: tumia plastiki, lakini ukingo unaoonekana uchonge kwa ndani hadi uwe mwembamba. Jicho linahukumu ukingo tu. Ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa Land Rover: alumini ya kopo la soda. Ukuta wa kopo una takriban milimita 0.1, karibu kabisa na hesabu yetu, na bodi ya gari halisi nayo ni ya alumini. Kiunzi cha plastiki ndani, ngozi ya alumini juu. Ribiti unazibonyeza kwa ncha butu ya sindano upande wa nyuma, ukiwa umeweka bati juu ya kadibodi. Lehemu ya kawaida haishiki alumini kwa sababu ya utando wake wa oksidi, basi tumia gundi ya epoksi na ukwaruze kwanza kwa msasa. Rangi ya kopo ondoa kabla hujaanza kukunja.

Kerezo_Mzee
Hiyo ya kopo naiunga mkono. Na bawaba za milango ya gari hili ziko nje, zinaonekana, kwa hiyo huna pa kuficha. Kata mrija wa shaba wa milimita 1 vipande vitatu, pitisha waya katikati. Fanya bawaba kwanza, mlango ujengwe kuzifuata. Ukianza na mlango utahangaika.

Bawaba
Nashukuru sana wakuu, na shikamoo mzee Kerezo. Basi naenda hivi: chasisi na bawaba shaba ya manjano, kiunzi cha bodi plastiki ya milimita 1, ngozi ya alumini. Rimu na difu nitachora mwenyewe, rafiki yangu ana printa. Nimebakiwa na tairi. Nina seti ya vinili kutoka modeli ya zamani, kipenyo kinakubali. Nivalishe hizo?

MtuWaMsasa
Rimu zako zikiwa za resini, jaribu moja kwanza kwa wiki kadhaa. Zikiwa za polistairini, usithubutu: kilainishi kilichomo kwenye vinili kinahama polepole na kuyeyusha plastiki, rimu inageuka uji mahali tairi linapogusa. Bora uchonge tairi moja la mfano, utengeneze kalibu ya silikoni na umimine mpira wa poliurithani mara tano. La tano ni la spea, Land Rover hulibeba juu ya bonneti.