Ukumbi wa usiku Kisumu: tuupime kwa kelele au kwa gauni?

Ndugu zangu, hoja iliyo mbele yetu ni kama kaunti iunyime leseni ukumbi mdogo wa maonyesho kwa sababu baadhi ya wanaume wanaopanda jukwaani huvaa gauni, na baadhi ya wanawake hucheza wakivua vazi moja baada ya jingine huku wakiitania hadhira. Mzee mmoja aliyetangulia kuchangia amesema kwamba mambo hayo yametoka ng'ambo, na kwamba ukumbi wa namna hiyo ukifa hakuna kitakachopotea. Namheshimu mzee wangu, lakini hilo la mwisho siwezi kuliacha lipite, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani na nimewashonea wasanii wa ukumbi mmoja hapa mjini tangu kabla ya korona.

Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kazi inayofunguliwa saa mbili usiku ilikuwa imezimwa. Mnamo Juni 2021, sehemu nyingine za nchi zikiruhusiwa kutembea hadi saa nne usiku, kaunti 13 za ukanda huu wa ziwa na magharibi ziliamriwa kuwa ndani saa moja jioni, na kafyu haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba mwaka huo. Muda huo wote kodi ya jengo haikusimama hata mwezi mmoja. Mchezaji mmoja aliuza omena mchana, na kila Jumamosi akanunua tokeni za stima ili taa ya mlangoni iwake na wezi wasibebe spika. Kijana anayeigiza mama mkwe aliniletea gauni lake jekundu, tulilolishona kwa kitambaa cha mtumba kutoka soko la Kibuye na ambalo alikuwa amelitia shanga kwa mkono wake kwa wiki tatu, akaniomba nimtafutie mnunuzi. Nilipolikunja niliona kwenye kola alama ya poda yake iliyokataa kutoka hata baada ya kufuliwa mara mbili. Shangazi ya bibi harusi mmoja alilinunua, na pesa zote zikaenda kulipa kodi ya ukumbi.

Kuhusu ng'ambo, mzee amesema kweli kwamba maonyesho ya mtindo huu yalikulia huko, lakini na huko pia yamebebwa na wasanii wenyewe. Kilabu cha The Stud mjini San Francisco, kilichofunguliwa mwaka wa 1966, kilipopandishiwa kodi miaka hamsini baadaye, wasanii na wafanyakazi walichanga wakakinunua kwa ushirika. Wakapoteza jengo mwaka wa 2020, kisha wakafungua upya kwingine mwaka wa 2024. Katika mji huohuo, wakati wa korona, waigizaji wa kilabu cha Oasis walipeleka chakula hadi milangoni mwa wateja, na kila mteja akachezewa wimbo pale pale barabarani. Sisi tunaoishi kwa vyama vya kuchangiana tunaielewa kazi hiyo vizuri.

Tena, mwanamume kuvaa gauni si kitu kigeni machoni petu. Familia nyingi humtazama mchekeshaji Flaqo akiigiza mwanamke aitwaye Mama Otis watoto wakiwa wamekaa hapo hapo, na ohangla, muziki wa Waluo, ilijulikana kwa maneno ya watu wazima, lakini huchezwa katika harusi zetu.

Jirani asiyelala kwa sababu ya spika ana haki yake kamili, na kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zipo kwa ajili yake. Mtoto asikanyage mlangoni, na saa ya kufunga iheshimiwe. Ukumbi ukishindwa na hayo, nitakuwa wa kwanza kukubali ufungwe, hata kama nitapoteza wateja. Ninachokipinga ni kumhukumu mtu kwa vazi analolivaa mbele ya watu wazima waliokata tiketi wakijua wanachokwenda kutazama. Anayetaka ukumbi ufungwe kwa sababu hiyo atueleze wachezaji hao, mlinzi na mama anayekaanga samaki nje watakula wapi kuanzia Jumatatu.

Wiki iliyopita kijana yule amerudi kwangu na kitambaa kingine chekundu. Amelipa nusu, na nimeshakikata.