Sahani za Hornsea Saffron: nijazie seti au niachane nazo?

Chungwa_Leeds
Wakuu, habarini. Mama mkwe amehamia nyumba ndogo, katuachia vyombo vyake vya udongo vya Hornsea, kiwanda cha Uingereza, mtindo wa Saffron, vile vya kahawia na rangi ya chungwa vya miaka ya 70. Buli lipo, vikombe vimetimia, mitungi ya chai na sukari ina vifuniko vyake vya mbao. Kasheshe ni sahani kubwa: zimebaki nne, mbili zimemegeka ukingoni. Krismasi tunakaa wanane mezani. Mtandaoni zinauzwa moja moja, bei hazieleweki. Nanunuaje bila kupigwa?

Bibi_Kabati
Mpya usitafute, dada. Kiwanda cha Hornsea kilianza 1949 huko Yorkshire, kikafungwa 2000. Ila vilitengenezwa kwa wingi, kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni adimu. Pita kwanza maduka ya hisani na magulio ya Jumapili, yale ya watu kuuza kwenye buti za magari. Na uwe macho: mitindo ya Saffron, Bronte na Heirloom yote ni kazi ya mbunifu wao John Clappison, na wauzaji wanazichanganya kila siku. Bronte inaelekea kijani.

Sahani_Nyeupe
Kwani lazima zifanane? Ongeza nne nyeupe za dukani, maisha yaendelee.

Bibi_Kabati
@Sahani_Nyeupe wewe hujawahi kuwa na mama mkwe 😂

Mzee_wa_Mnada
Omba picha tatu: juu, mgongoni penye muhuri, na ukingo ukiwa kwenye mwanga wa pembeni. Mikwaruzo ya kijivu isikutishe. Mara nyingi ni chuma cha visu kimebaki juu ya mng'ao (lile tabaka la kioo linalofunika sahani), na dawa ya unga ya kusugulia masinki huitoa. Cha kukimbia ni vile vinyufa vyembamba kama utando wa buibui ndani ya mng'ao. Mafuta ya chakula hupenya humo, sahani ikapata madoa ya kahawia yasiyotoka. Ukiikuta sokoni, ining'inize kwenye ncha za vidole, igonge kwa ukucha. Nzima hulia; yenye ufa hutoa mlio mfu.

Halafu chukua zote unazohitaji kwa muuzaji mmoja. Nauli ya posta utalipa mara moja, na rangi zitakaribiana, maana kila mchomo wa tanuri ulitoka na rangi yake. Mwambie azifunge zikiwa zimesimama wima. Zikilazwa, uzito wote unaielemea ya chini.

Chungwa_Leeds
Asanteni sana. Kuna mtu ana sita, anauza zote kwa pamoja, ila picha ya mgongoni hajaweka. Na hizi mbili zilizomegeka nitupe?

Mzee_wa_Mnada
Usile nazo, pale palipomegeka hapasafishiki vizuri. Weka chini ya vyungu vya maua. Huyo mwenye sahani sita mwandikie leo, Novemba bei hupanda.