Fomu za waathirika wa mafuriko kurushwa WhatsApp: ni uwazi au tunawaanika watu?

Wakuu habari za Dodoma. Naileta hii mada mapema kabla mvua hazijaanza, maana zikishaanza kila mtu atakuwa anahangaika na korongo la kwao.

Ubishi uko hivi: mafuriko yakipiga mtaa, fomu ya waathirika irushwe kwenye grupu kila mtu aione au ikae kwa mtendaji? Wengi mnasema irushwe, la sivyo mwenyekiti atajaza mashemeji zake na watu ambao nyumba zao hazijaguswa hata na tone. Naikubali hoja, upigaji kwenye misaada upo na unauma. Lakini hiyo fomu yenyewe mmeiona?

Msimu uliopita ilirushwa moja ya mtaa jirani na kwetu, mtu kaipiga picha juu ya meza, kila kitu kinasomeka. Majina matatu, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), namba ya simu, watoto wangapi, na mwishoni kabisa safu ya "hali ya afya". Mama mmoja kaandikiwa "anatumia dawa". Huku mtaani hakuna asiyejua hapo zinamaanishwa dawa za VVU. Yule mama alienda kuomba turubai na unga, leo siri yake iko kwenye simu za watu asiowajua na hakuna wa kuifuta. Haukupita muda matapeli wakaanza kuwapigia walioandikwa, "mimi afisa maafa, hela yako imetoka, tuma elfu kumi ya kufungulia", anakutajia majina yako yote na NIDA yako, sasa nani asiamini? Mtu kashapoteza godoro na mahindi yake, anamaliziwa na hiyo elfu kumi ya kukopa.

Kuna mkuu amesema kwenye maafa sheria zikae pembeni kwanza watu waokolewe. Kuokoa sawa, hakuna anayetaka mtu asaini fomu akiwa juu ya bati. Ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Kugawa turubai hakuhitaji kujua mtu anameza nini.

Na kinachoniuma zaidi tunafanya kinyumenyume kabisa, yaani taarifa za jumla zinazoweza kutuokoa ndizo tunanyimwa, halafu za mtu binafsi ndizo zinamwagwa. Corona, takwimu zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 kwenye wagonjwa 509, tukakaa zaidi ya mwaka hivyo hivyo. Sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka) ya 2016 hapa Dodoma na Manyara iliua watu kwa mahindi ya nyumbani kwao, na mtu wa Chemba au Kondoa alichohitaji ni kujua tatizo liko vijiji gani na mahindi yapi asile, jina la mtoto wa jirani aliyefariki lingemsaidia nini?

Sisemi majina yafichwe muda wote. Hanang Desemba 2023, tope liliposhuka mlimani likaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya karibu, hali kama ile ndugu lazima wajue mtu wao yuko wapi. Basi jina na kambi aliyopo, inatosha.

Kwa misaada mimi nasema majina yasomwe kwenye mkutano wa mtaa kama wanavyofanya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, mwenye pingamizi anyooshe mkono hapo hapo, kisha ofisini ibandikwe karatasi ya jina na alichopewa, basi. NIDA, simu na mambo ya afya yawe karatasi nyingine kwa mtendaji na ustawi wa jamii. Shemeji wa mwenyekiti atatajwa na majirani wanaojua nyumba yake iko mlimani, wala hawahitaji NIDA yake.

Mlioko kwenye kamati za maafa za kata na vijiji, hebu semeni ukweli: mvua zikiisha, zile fomu zinahifadhiwa wapi, na nani ana ufunguo?