Wadau wanakubali kikaoni, wakitoka nje wanapinga. Mnafanyaje?

Mchoro_Mezani
Wakuu habari za kazi. Nipo kwenye timu ya mradi wa kuhamisha stendi na kujenga soko jipya pembeni yake, mji sitautaja. Wadau ni kibao, wenye daladala, bodaboda, mama lishe, machinga, wenye nyumba watakaopisha, watu wa maji, wa umeme, wa barabara, halafu kuna diwani na wanaoutaka udiwani wake. Vikao vimefanyika, mahudhurio yamesainiwa, kila mtu anasema "hatuna tatizo", wakitoka tu hapo unasikia wako kwa mkuu wa wilaya wanalalamika, mara barua ya wakili, mara mtu kapanda migomba usiku kwenye eneo tulilokwisha pima. Bosi anasema tuongeze vikao. Mimi naona hata tukiongeza itakuwa vile vile. Kuna mtu ameona mradi mkubwa watu wakakubaliana kweli? Mambo ya semina sitaki tafadhali, nimeshakaa nyingi.

mzee_wa_ruti
Mkuu swali langu ni moja, hao wanaosema hawana tatizo mliwakuta mchoro bado haujachorwa au mliwaita kuja kuutazama? Kama mchoro ulishapitishwa basi hamkuwaita kwenye makubaliano, mliwaita kwenye tangazo, na mtu mzima akisikia tangazo anatikisa kichwa anakunywa soda anaondoka.

Halafu angalia nani anamsemea nani. Mabasi ya mwendokasi ya Dar, awamu ya kwanza ile ya Kimara hadi Kivukoni iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, ilikuwa inaziondoa daladala barabara ya Morogoro. Wenye magari walikuwa na vyama vyao, DARCOBOA na UWADAR, wakaingizwa pamoja na UDA, lile shirika la mabasi la Dar, kwenye kampuni moja, UDA-RT, ya kuendesha mabasi kipindi cha mpito. Kampuni iliendaje baadaye hiyo ni mada nyingine na tukiifungua hapa hatulali. Ila mezani alikaa mwenye gari. Dereva na konda, ambao wengi hawana hata mkataba wa maandishi, nani aliwasemea? Sasa rudi kwako, huyo mwenyekiti wa bodaboda anayekusainia mahudhurio, vijana wa kijiweni wanamtambua au ni mwenyekiti wa kwenye vikao tu?

MwanaAmu
Nawasalimu kutoka Lamu. Hayo ya mahudhurio kusainiwa huku tumeyaona yakafika mpaka kortini. Ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, wenye mradi walikuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, tangu 2016 na walikuwa na orodha za mikutano, lakini tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) ikaifuta leseni. Mojawapo ya sababu kubwa ni ushirikishwaji wa umma, mikutano iliyotegemewa ilifanyika mapema kabla ripoti ya athari kwa mazingira haijakamilika, na ripoti ilipotoka, ile yenye mambo yenyewe ya moshi na jivu na maji ya moto yatakayorudi baharini, watu hawakupewa nafasi ya maana ya kuisoma na kuijibu. Yaani mwananchi aliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho bado hakijulikani. Kwa hiyo ndugu yangu siku ulizoita watu zina uzito kuliko idadi ya watu waliokuja.

Na bandari ya Lamu pia, 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Hapo ujenzi ulishaanza zamani na miamba waliyokuwa wakivulia ishachimbwa. Baadaye wakakaa chini kuzungumza walipweje, sehemu pesa sehemu vifaa vya kuvulia. Mazungumzo hayo hayo yangefanyika mwanzo.

posho_kwanza
hahaha nyie ongeeni tu, bila bahasha ya kahawia hakuna makubaliano nchi hii

Upepo_Mwingi
@posho_kwanza bahasha inanunua ukimya wa siku hiyo tu, kesho anakuja mwingine na bahasha nene zaidi.

Mchoro_Mezani angalia miradi miwili ya umeme wa upepo ya hapa Kenya. Kinangop, kaunti ya Nyandarua, ilikuwa iwe megawati 60.8, pesa zilipatikana, mkataba wa kuuza stima upo, lakini mapema 2015 wakulima wakaandamana, mtu akapoteza maisha, na Februari 2016 kampuni ikatangaza imeshindwa kumaliza. Wasiwasi wa watu ulikuwa mashamba na afya, na wanasiasa nao wakapanda juu yake, lakini mwanasiasa hapandi mahali ambapo hakuna wasiwasi. Halafu kuna Kipeto, Kajiado, megawati 100, turbaini 60, yaani ile mitambo mirefu inayozungushwa na upepo. Ardhi ni ya familia za Wamaasai, wakaikodisha hawakuiuza, ng'ombe bado wanalisha chini ya turbaini, na jamii ina fungu lake kwenye mradi kupitia trasti yao, yaani mfuko wa jamii. Ninachokipenda zaidi ni cha tai. Watu wa mazingira walilalamika kwamba tai watakatwa na mapanga, wangeweza kuitwa maadui wa maendeleo kama kawaida yetu, badala yake yale malalamiko yakaingizwa kwenye masharti ya kazi, kuna watu wanakaa kutazama angani na ndege akikaribia turbaini inasimamishwa. Sisemi Kipeto hakuna kelele, zipo. Lakini wa pale ana karatasi yenye kitu chake.

Mchoro_Mezani
Asanteni sana wakuu. mzee_wa_ruti umenigusa, mchoro ulikuja umeshapigwa muhuri. Nafasi iliyobaki ya kubadilisha ni ndogo, vibanda vya mama lishe vikae wapi, geti la bodaboda, na ratiba ya kuhama. Na fidia ya wenye nyumba bado haijalipwa.

Mama_Kisamvu
Mwanangu hapo kwenye fidia ndipo penyewe, umekuja kutaja mwishoni! Uthamini umefanyika lini? Ikipita miezi sita bila kulipwa inatakiwa riba, na wakili aliyewaandikia barua analijua hilo. Waambie tarehe ya malipo kwa maandishi, kama hamna tarehe semeni hamna, msiseme "hivi karibuni". Na hivyo vibanda msiwagawie nyie. Nauza chakula stendi miaka mingi, sehemu inalipa kwa sababu abiria anashukia hapo, mkinipeleka nyuma ya choo hata mnijengee ghorofa nitarudi barabarani. Waachieni mama lishe wapange wenyewe nani akae wapi, watagombana, ndiyo, lakini watagombana wao kwa wao na watamaliza, nyie muandike walichokubaliana na mkibandike serikali ya mtaa.

mzee_wa_ruti
Na huyo wa migomba mfuate nyumbani kwake. Usiende na diwani.